Nywele za Mama Sifuna

Jumatatu, 3 Machi

Kliniki ya mtoto. Sifuna ana miezi minane na uzito mzuri, lakini si hilo lililonifanya nifungue shajara. Jina lake kwenye kitabu cha kliniki limefutwa na uji, kwa hiyo nesi alisoma la mama. Akaita Nakhumicha. Hakuna aliyesimama. Akaita tena. Nikageuka nyuma kumtafuta huyo mwanamke anayetuchelewesha. Nikamnong'oneza jirani wa benchi kwamba watu wengine hawana adabu. Nesi akaita mara ya mwisho, akachukua kitabu kingine. Ndipo nikakumbuka kwamba Nakhumicha ni mimi.

Iliniuma. Bado inaniuma. Lakini kosa si langu. Nyongesa, mume wangu, ananiita Mama Sifuna. Murunga, soja wa geti, ananiita Mama Sifuna. Mama yangu mzazi, aliyenipa jina hilo la Nakhumicha kwa mdomo wake mwenyewe, alipiga simu jana akauliza kama anaongea na Mama Sifuna.

Halafu kuna Vivian, mpangaji wa mlango wa pili. Ana mtoto wa umri huu huu, na ploti nzima inamwita Vivian! Nimelifikiria jambo hili nikikunja nguo. Tofauti yetu ni moja tu. Vivian ana nywele nyekundu. Mimi nina kitambaa kilichopauka, na chini yake nywele zilizonyonyoka mbele tangu nijifungue. Hakuna mtu anayekiita kitambaa kwa jina.

Uamuzi: napaka rangi. Nyumbani, mwenyewe, bila kuwapa watu wa saluni nafasi ya kunionea huruma. Kabla ya Jumapili, mtu mmoja ataniita Nakhumicha bila kulisoma mahali.

Jumanne, 4 Machi

Nimeenda town. Cherono wa duka la vipodozi ameniuzia pakiti mbili. Ya kwanza ni blichi, inaondoa weusi. Ya pili ndiyo inaleta wekundu, wekundu wa divai kama ule wa Vivian, ila wa kwangu utakuwa na heshima zaidi. Aliniuliza kama nimewahi kufanya hii kazi. Nikasema tangu chuoni. (Chuoni nilisuka mistari.) Akashauri nijaribu kidogo nyuma ya sikio kwanza, nisubiri hadi kesho yake. Akasema pia lazima niwe na maji mengi. Watu wa duka huongea sana. Niliitikia kwa kichwa kama fundi mwenzake, nikaondoka.

Pakiti nimezificha kwenye mfuko wa nepi za mtoto. Nyongesa hatazipata huko. Hajawahi kuufungua.

Jumatano, 5 Machi

Sifuna alilala baada ya uji. Sasa au basi. Nikapaka pakiti ya kwanza kichwa kizima na kuruka lile jambo la sikio. Maelezo yalisema kichwa kifunikwe, kibaki na joto. Mfuko wa plastiki utautoa wapi tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku? Nikavaa nepi ya Sifuna. Ilinikaa vizuri ajabu.

Kichwa kikaanza kuwasha. Nikachukulia ni dalili ya kazi kuendelea. Kikaanza kuchoma. Nikaenda bafuni, nikafungua mfereji. Ukakohoa, ukanyamaza. Jumatano! Jumatano maji hayaji mtaani kwetu West Indies, angalau si kwenye ploti yetu. Kila mtu analijua hilo. Mimi pia nalijua, ila sikuwa nimekumbuka kwamba leo ni Jumatano. Mtungi ulikuwa mkavu. Nyongesa alikuwa ameosha pikipiki.

Nilimgongea Vivian, nikamwomba maji ya kufua nepi. Aliitazama kwa muda ile iliyokuwa kichwani kwangu. Akauliza kama nitaanza na hiyo. Nikasema ndiyo. Akanipa nusu mtungi, na alijikaza sana asicheke. Sikupenda alivyojikaza.

Maji yalitosha kuondoa blichi tu. Pakiti ya pili bado imefungwa. Matokeo kwa sasa: mbele rangi ya chungwa, nyuma rangi ya kifaranga, juu ya sikio la kushoto nyeusi kama zamani. Sifuna aliamka, akanitazama, akalia mpaka nilipofunga kitambaa. Nyongesa aliporudi aliuliza chai iko wapi.

Alhamisi, 6 Machi

Maji yapo! Nilikuwa nimeshashika makasi nifungue pakiti ya pili wakati Nyongesa alipopiga simu. Baba yake, Mzee Mabonga, ameingia kutoka Webuye. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kwanza linapasuliwa kesho hapa Eldoret, na atakaa kwetu. Wote walijua isipokuwa mimi. Nyongesa anasema aliniambia. Labda alimwambia Mama Sifuna.

Kwetu mke hasimami mbele ya baba mkwe kichwa wazi. Kichwa wazi cheusi ni aibu kubwa. Cha rangi ya chungwa sidhani kama wazee wamewahi kukijadili. Nilikaza kitambaa mpaka nyusi zikapanda. Mzee alichagua kiti kinachoangalia mlango wa bafu, na kwa kuwa ni mtu mstaarabu asiyezurura kwenye nyumba ya mwanawe, hakuondoka hapo mchana kutwa. Pakiti imerudi kwenye nepi. Jioni Nyongesa aliniuliza ni nini kimenishangaza.

Ijumaa, 7 Machi

Upasuaji umekwenda salama, Mungu asifiwe. Mzee amefungwa bandeji kwenye jicho moja, na lile lingine haoni nalo siku nyingi. Nikapiga hesabu. Nyongesa amerudi kazini. Mtoto amezoea. Kwa nini niteseke? Nikavua kitambaa. Nilimwandalia Mzee ugali na kuku kichwa wazi, nikamnawisha mikono kwa heshima zote, akanibariki. Sikuona kosa lolote.

Vivian akaja na maziwa ya kumpa mgonjwa pole. Akaona. Akanivuta jikoni, akaninong'oneza kwamba zinatengenezeka, na kwamba nisiongeze kitu chochote kabla nywele hazijapumzika wiki kadhaa. Nikamwambia bado sijamaliza, huu ni mpango. Akauliza mpango wa nini. Nikamweleza kuhusu jina.

Akasema ananionea wivu. Kwamba amekaa hapa mwaka mzima na hakuna aliyewahi kumwita Mama Fulani. Ni Vivian tu, kama mpangaji wa juzi. Kwamba wakati mwingine anadhani hakuna anayejua hata mtoto wake anaitwaje. Machozi yalimlengalenga.

Majivuno yana njia nyingi. Nilimshukuru kwa maziwa. Mtoto wake anaitwa... nitamwuliza Murunga.

Jumamosi, 8 Machi

Nyongesa alimpeleka Mzee asubuhi kufunguliwa bandeji. Hospitali ni foleni, nikajua hawarudi kabla ya saa nane. Nikatoka uani kuanika nguo, kichwa wazi, jua zuri. Walirudi saa nne.

Mzee alisimama getini. Jicho jipya. Miaka mingi hajaona kitu zaidi ya ukungu, na kitu cha kwanza alichokiona sawasawa kwenye ploti yetu ni mimi. Akapiga kelele iliyosikika kila mlango:

"Nakhumicha! Wewe, Nakhumicha! Kichwa kinashika moto!"

Nikaitika. "Abee, Baba!" Nikaitika papo hapo, kwa furaha, kabla ya kukumbuka kukimbia. Mtu ameniita! Na Murunga, ambaye hungoja amri moja tu ya mzee, akanimwagia ndoo nzima. Maji yote niliyoyakosa Jumatano.

Mzee aligeukia ukuta. Alimwuliza Nyongesa kama daktari anaweza kurudisha ile bandeji.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani na kitambaa kikubwa. Mzee ameondoka alfajiri. Hakusema neno baya. Hakusema neno kabisa. Nyongesa anasema hii aibu itafika Webuye kabla ya gari. Vivian amekuja na mafuta ya kichwa na kunishauri tena nipumzishe nywele. Alisimama mlangoni kama anayengoja niseme kitu. Nikamwambia, "Asante, Vivian."

Lakini nitazame matokeo. Watoto wa ploti wananiita Nakhumicha. Murunga ananiita Nakhumicha, akiwa ameshika ndoo. Mwanamke wa ghorofani nisiyemjua amefungua dirisha, ameniita Nakhumicha, amelifunga. Pakiti moja tu, tena nusu ya kazi! Ni wazi kwamba rangi inafanya kazi, na kilichokosekana ni kumalizia.

Jicho la pili la Mzee ni mwezi ujao, kwa hiyo nyumba iko huru. Pakiti ya pili ipo salama kwenye nepi. Kesho nafua, keshokutwa ni mkutano wa akina mama. Nitapaka Jumatano, mtoto akilala.