Malalamiko Kuhusu Kukatwa Nusu ya Kidonge Changu cha Chafya

Baní, Juni.

Ndugu Mkurugenzi wa Zahanati,

Salamu nyingi kutoka kwa Eligio Lara Pimentel, mwenye kiwanda cha matofali ya saruji pale karibu na daraja. Nilianza na koleo la kuazima. Leo nafyatua matofali mia sita kwa siku, siku sita kwa wiki, yaani elfu nne na mia mbili, na hajazaliwa wa kunikuta nimekosea hesabu. Basi ujue unaandikiwa na mtu wa vipimo.

Kila mwaka, vumbi la Sahara likishavuka bahari na kutua puani mwangu, mimi humeza kidonge cha mzio cha miligramu kumi. Mwaka huu daktari wenu, Yokasta Peguero, amenipima damu, kisha akanishusha hadi tano. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Kosa ni la figo, adhabu imepewa pua. Daktari anasema figo zangu zinachuja thelathini na nne badala ya tisini, hivyo dawa haitoki upesi, inarundikana mwilini. Nikamwambia, "Binti yangu, mashine yangu ya zege ikizeeka sipunguzi saruji. Naiacha izunguke zaidi." Akanijibu huku anaandika, "Na bomba la kutolea maji likiziba, Don Eligio, unaendelea kumimina?" Mimi nilikwenda kutibiwa, sikwenda kuulizwa maswali.

2. Nusu yenyewe si nusu. Mke wangu Zunilda anakikata kwa kisu cha kumenyea ndizi. Kipande kimoja kinatoka kinene, kingine kinarukia chini ya friji. Kwangu mimi tofali la namna hiyo mteja hulirudisha, tena na matusi.

3. Jumamosi ni fainali ya domino klabuni. Mimi na swahiba wangu Fermín hatujawahi kuifikia maishani. Sheria inakataza kumpa mwenzako ishara. Katika nusu fainali nilipiga chafya mbili, Fermín, kwa bahati yake mbaya, akaweka kete ya mbili. Mpinzani wetu Chago akaruka kitini: "Wezi nyie! Hiyo chafya ina namba!" Tumepewa onyo, chafya nyingine, tunatolewa. Daktari kasikia yote haya, ushauri wake ni nivae barakoa. Nimeshaitwa mwizi, sasa nivae na sare yake!

3. Kama uzee ndio sababu ya nusu, basi haki itendeke kote. Padre anihubirie nusu. Umeme nilipie nusu, maana wenyewe tayari unakuja nusu ya siku. Na Zunilda anigombeze nusu, kwani maneno yake nayo hayachujiki, yanarundikana.

5. Daktari anadai kidonge kizima kitanilevya, nitayumba, nitaanguka, akili itavurugika. Uzushi. Juzi, jana na leo nimemeza kizima, makusudi, na barua hii ndiyo ushahidi wa kichwa kilichotulia. Kwa hiyo naomba nirudishiwe miligramu zangu tano, pamoja na zote nilizonyimwa tangu mwezi uliopita, kwa mkupuo mmoja.

Nisalimie wauguzi wote, mlinzi wa getini, mama wa dirisha la dawa, na hata Daktari Peguero, sina kinyongo naye.

Wako katika kuitetea pua,
Eligio Lara Pimentel

Nyongeza: Usingizi ulinichukua kabla sijafunga bahasha, nikaamka mezani na alama ya kete ya domino shavuni. Zunilda alikuwa amesimama juu yangu na barua mkononi. "Eligio, una tatu mbili na nne huna. Na mia sita mara sita ni elfu tatu na mia sita, tangu siku uliyonioa." Nimepiga hesabu upya. Ni kweli. Nilitaka kuiandika upya barua, akaificha kifuani: "Thubutu! Inakwenda hivi hivi. Daktari hatahitaji damu yako tena."

Basi malalamiko nayafuta. Nipeni nusu, ila ikatwe na kifaa, isikatwe na Zunilda. Jumamosi nitavaa barakoa, na Chago aseme atakalo. Naomba tu uniulizie pale dirishani: mwenye nusu dozi, barakoa anauziwa nusu bei?