Ufunguo wa Pili

Inatangazwa kwa wananchi wote, wenye bunduki na wasio nazo, wenye milango na wanaotumia pazia, kwamba kuanzia Jumatatu ya kwanza ya mwezi huu usalama wa majumbani utakuwa umekamilika.

Ndivyo tangazo lilivyoanza, na aliyeliandika alikuwa Mkaguzi Daraja la Pili wa Ofisi ya Uhifadhi wa Silaha za Nyumbani, mtu aliyependa vipengele vya sheria kuliko wengine wanavyopenda usingizi. Mtaani walimwita Bwana Kipengele. Yeye alidhani wanamsifu.

Utaratibu wenyewe ulikuwa rahisi; mtu yeyote mwenye digrii mbili angeuelewa. Kila bunduki ikae ndani ya kabati la chuma lenye makufuli mawili. Ufunguo wa kwanza ubaki kwa mwenye bunduki, na ufunguo wa pili ukae Ofisini, ndani ya sefu. Mwananchi akitaka kutumia bunduki yake, ajaze Fomu Namba Tisa siku tatu za kazi kabla ya tukio, akieleza kama ni mwizi au mnyama. Ikiwa ni mwizi, aandike jina lake, urefu wake na saa anayotarajiwa kufika. Ikiwa ni mnyama, aandike uzito wake na nia yake. Kulikuwa pia na Kamati ya Ushauri wa Uchaguzi wa Silaha, ya kuwaambia watu bunduki ipi yafaa kwa kazi ipi. Ilikuwa na wajumbe saba, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushika bunduki, jambo lililowaepusha na upendeleo.

Mkaguzi aliamua kuanza ukaguzi kwenye nyumba aliyoiogopa kuliko zote, nayo ilikuwa nyumba ya mama mkwe wake. Mama huyo alikuwa mjane wa mwindaji na mwindaji mwenyewe, mwembamba, mkimya, mwenye jicho ambalo likikuangukia unakumbuka dhambi za utotoni. Bunduki aliyoachiwa na marehemu, ya mitutu miwili, ilikaa chini ya kitanda katika sanduku la mbao ngumu lenye kufuli. Haikuwa na risasi ndani. Risasi zilikuwa chumba kingine, kwenye kopo lenye kufuli lake. Funguo zote mbili zilining'inia shingoni mwake kwa kamba, na hata akienda kuoga hakuzivua. Alikuwa amelea watoto watano na wajukuu kumi na mmoja katika nyumba hiyo, na hakuna hata mmoja aliyejua mtutu una ubaridi gani.

Mkaguzi akapiga magoti, akalipima sanduku kwa tepu, akaligonga mara tatu, kisha akaandika: "Mbao. Halifai."

Mama mkwe akauliza halifai kwa nini. Mkwe akajibu kwa heshima zote, macho chini kama inavyotakiwa, kwamba mbao huungua.

"Na mimi je, mkwe wangu? Siungui?"

Mkaguzi akafungua kitabu cha kanuni, akakipekua, akamweleza kwa masikitiko kwamba yeye hakutajwa humo. Wiki ile ile mama akamwagiza fundi wa kuchomelea amtengenezee kabati la chuma. Mkaguzi akaja, akashuhudia bunduki ikifungiwa, akapokea ufunguo wa pili kwa mikono miwili, akatoa stakabadhi. Aliondoka akijiona kijana mwenye bahati: kazi imefanyika na mkwe hajamtukana.

Basi nguruwe pori hawakusoma lile tangazo. Wiki ya pili walishuka kutoka msituni, wakaingia shamba la mahindi la mama. Shamba lilikuwa na mistari kumi na miwili, na mistari hiyo ndiyo ilikuwa chakula cha nyumba nzima hadi mvua nyingine. Alfajiri ya kwanza ulilala mstari mmoja. Mama akafika Ofisini akiwa na Fomu Namba Tisa imejazwa kwa mwandiko safi. Ikarudishwa: uwepo wa nguruwe haujathibitishwa. Kesho yake mama akaja na beseni kichwani. Ndani yake mlikuwa na bonge la udongo alilolikata kwa jembe, na juu ya bonge kwato za nguruwe zimechapika vizuri kabisa. Ofisi ikalipokea, ikaligonga mhuri, ikaliweka kwenye faili. Faili halikufungika.

Hapo Mkurugenzi mwenyewe akaingilia kati. Huyu alikuwa mtu mnene wa sauti nzito, na akikohoa tu, mikutano ilifunguliwa. Akaagiza kwamba ushahidi wa kwato hautoshi, yaletwe na mahindi. Mama akaleta vikapu viwili vya mahindi mabichi, mengine yametafunwa, mengine mazima kwa ajili ya kulinganisha. Mkurugenzi akasema vielelezo nyeti kama hivyo haviwezi kulala ofisini, akavipakia kwenye gari lake akavipeleka nyumbani kwa uhifadhi salama. Dereva wake alisema baadaye kwamba nyumba ile ilinuka mahindi ya kuchoma wiki nzima, lakini dereva hakuwa mjumbe wa kamati yoyote.

Siku hizo hizo ndipo Ofisi ilipokabiliwa na suala zito zaidi. Funguo za pili za wananchi wote ziko ndani ya sefu, sawa. Je, ufunguo wa sefu ukae wapi? Mkutano ulichukua saa nne. Mtu akasema kwenye droo, akazomewa. Mkaguzi akanyoosha mkono. Alikuwa ameliwaza jambo hilo usiku na mchana, na alijua kwamba Daraja la Kwanza halimwangukii mtu aliyekaa kimya. Akasema: ufunguo muhimu kuliko zote ukae mahali salama kuliko pote, yaani ndani ya kabati la bunduki la Mheshimiwa Mkurugenzi, nyumbani kwake.

Wakapiga makofi. Mkurugenzi akamwita mwanangu mbele za watu.

Sherehe ikafanyika sebuleni kwa Mkurugenzi. Wote waliohudhuria waliombwa wageukie ukutani kwa sababu za kiusalama wakati Mheshimiwa akifungua kabati na kuuweka ufunguo ndani. Kisha kabati likafungwa kwa makufuli yote mawili. Ufunguo wa kwanza Mkurugenzi akautia mfukoni. Ufunguo wa pili Mkaguzi akaubeba hadi Ofisini kama kanuni inavyotaka, akautia ndani ya sefu iliyokuwa imeachwa wazi, pamoja na funguo za wananchi, akausukuma mlango. Sefu hiyo ilikuwa ya kisasa, ukiusukuma mlango inajifunga yenyewe. Wakapiga makofi tena. Dereva aliyekuwa amesimama mlangoni akauliza sasa mtaifunguaje. Akaambiwa maswali yanapitia kwa mkuu wa kitengo.

Jumanne fomu ya mama mkwe ikakubaliwa. Mkaguzi alikimbia nayo ngazi mbili mbili, furaha imemjaa, akafika mbele ya sefu, akasimama. Alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Ufunguo wa sefu umo ndani ya kabati la Mkurugenzi, na ufunguo wa pili wa kabati la Mkurugenzi umo ndani ya sefu. Akarudia kuhesabu kwa vidole, labda amekosea. Hakuwa amekosea, alikuwa mtu makini sana.

Akapendekeza aitwe fundi akate. Mkurugenzi akakataa katakata. Alisema kabati lake ni nembo ya taifa, halikatwi kama mkate. Na sefu je? Kukata sefu kunahitaji kibali chenye mhuri mkubwa, na mhuri mkubwa umo ndani ya sefu. Ikaundwa kamati ndogo. Mistari ya mahindi iliyobaki ilikuwa tisa, kisha minane, kisha saba. Nyumbani mke wa Mkaguzi aliacha kuzungumza naye. Alimwekea chakula mezani, akaegemeza kwenye bilauri nakala ya lile tangazo, akaondoka. Mkaguzi alilisoma akila. Kwa mara ya kwanza halikumpendeza, na aliona aibu hata kumeza.

Asubuhi ya Alhamisi mama mkwe alikuwa ameketi kwenye benchi la Ofisi, kikoba mapajani, akisubiri kama alivyosubiri kila siku, simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Mkurugenzi, ila nyembamba. Ndani ya sebule yake kuna nguruwe.

Wakaenda kwa gari la Ofisi, Mkaguzi, dereva na mama mkwe ambaye hakuna aliyemwalika wala aliyethubutu kumshusha. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Wakachungulia dirishani. Dume la nguruwe pori, kubwa kama pipa, lilikuwa likilipiga kabati la chuma kwa pua, pu, pu, pu. Juu ya kabati alikuwa ameketi Mkurugenzi, miguu ameikunja, kiatu kimoja hakipo.

"Leteni bunduki," akasema.

"Bunduki zote zimefungiwa, Mheshimiwa," Mkaguzi akajibu. "Funguo ziko kwenye sefu."

"Ifungueni sefu."

"Ufunguo wake umo ndani ya kabati."

"Kabati gani?"

"Umelikalia, Mheshimiwa."

Dereva akajifanya anakohoa. Dume likapiga kabati tena, Mkurugenzi akayumba, na hapo ukubwa wote ukamtoka. Akanong'ona kitu. Wakamwambia hawasikii. Akanong'ona tena: chumba cha wageni. Chini ya godoro.

Mama mkwe akazunguka, akapitia dirisha la chumba cha wageni kwa wepesi ambao mkwe wake hakuujua, akainua godoro. Bunduki ya Mkurugenzi ilikuwa pale, imelala kama mgonjwa, ina kutu mdomoni. Akaifungua mitutu yake miwili. Ilikuwa na risasi, zote mbili. Akazitoa, akazitia kwenye kikoba, akarudi dirishani pa sebule. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alikasirika hasa, na hakuficha.

"Wajukuu zako wakija kukutembelea hulala wapi?"

Mkurugenzi akaivuta soksi ya mguu usio na kiatu.

"Nimekuuliza wewe, baba. Hulala wapi?"

"Hapo hapo," akasema Mkurugenzi, na sasa alikuwa akitazama magoti yake.

Mkaguzi alilikumbuka sanduku la mbao, kopo la risasi, kamba shingoni, na alikumbuka jinsi alivyogonga mara tatu kama mtu anayejua. Alitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, kwa hiyo ikabidi abaki.

Mama mkwe alisema hapigi risasi ndani ya nyumba ya zege, risasi ikikosa hujui itamrudia nani. Isitoshe, bunduki ile ingempasukia mtu usoni. Akamuuliza Mkurugenzi kabatini kuna nini, maana nguruwe huyu hana ugomvi na mtu aliye juu, anataka kilichomo ndani. Mkurugenzi akasema ni siri ya Ofisi. Mama akavuta pumzi ya pua mara moja tu, akatikisa kichwa. Akaenda jikoni, akachukua ndoo ya maganda, akarudi nyumanyuma akimwaga maganda sakafuni hadi nje. Dume likanusa, likafikiri, likafuata. Dereva akafunga mlango. Kazi yote haikuzidi dakika tano, na haikuwa na fomu.

"Sasa anakwenda shambani kwangu," mama akasema. "Mlete fundi."

Fundi wa kuchomelea akaja na mashine yake ya kukatia, yule yule aliyelitengeneza kabati la mama. Safari hii hakuna aliyeambiwa ageukie ukutani, na majirani walijaa hadi madirishani. Mlango wa kabati ukaanguka. Ndani hamkuwa na bunduki. Mlikuwa na vikapu viwili vya mahindi, vielelezo rasmi, nusu vimekwisha, vilivyobaki vimeanza kuchacha. Juu ya vikapu, ukimeta, ulikuwa ufunguo wa sefu. Dereva akasema mchimba kisima huingia mwenyewe, na hakuna aliyemwelekeza kwa mkuu wa kitengo.

Adhuhuri sefu ilikuwa wazi na mama ana ufunguo wake wa pili. Alfajiri iliyofuata risasi moja ilisikika shambani. Mistari saba ikabaki saba.

Mkaguzi aliketi na fomu ya ukaguzi mbele yake siku nzima. Mkurugenzi alipita mlangoni mara tatu, mara ya tatu akataja Daraja la Kwanza. Mkaguzi alilitaka daraja hilo, asikudanganye mtu. Lakini alimfikiria mtoto amelala juu ya mitutu miwili iliyojaa, akaandika: "Godoro. Halifai." Akaipeleka ngazi za juu yeye mwenyewe, Mkurugenzi asije akaitia kwenye kamati. Jioni mkewe alimuuliza chai anataka ya rangi au ya maziwa, na Mkaguzi, kwa furaha, akajibu zote mbili.

Inatangazwa kwa wananchi wote kwamba funguo za pili zitarudishwa kwa wenyewe katika mpango wa kuboresha huduma, na kwamba mafunzo ya uhifadhi salama yatatolewa kila Jumamosi na mwananchi mzoefu, ukumbini kwake, karibu na shamba la mahindi. Mwanafunzi wa kwanza kuandikishwa ni Mkurugenzi. Hadi atakapofaulu, bunduki yake imewekwa katika sanduku la mbao ngumu chini ya kitanda cha mwalimu, na akitaka kuiona anajaza Fomu Namba Tisa siku tatu za kazi kabla.

Fomu yake ya kwanza imesharudishwa. Hakuandika jina la mwizi.