Punguza Kidogo, Bosi

Gazeti la asubuhi lilifika kijiweni likiwa kwapani mwa Spika, fundi redio ambaye sauti yake haijawahi kuhitaji redio. Alilitandaza juu ya benchi, akasafisha koo, akatusomea: "Kampuni zalia! Nafasi za mauzo tele, vijana wa kuzijaza hakuna!"

"Uongo mtupu," alisema Shangazi, mwenye birika la kahawa na mwenye benchi tunalokalia. "Wa kwetu si yuko huko sasa hivi anahojiwa?"

"Tena kanolewa na mabingwa," aliongeza Fundi Viatu, misumari ikiwa mdomoni. "Hapa hajapatikana mtu aliyewahi kununua kitu kwa bei ya kwanza."

Aliyenolewa ni Diploma, kijana aliyesomea biashara na ambaye, kwa juma zima, tulimfundisha kuuza. Haja yake haikuwa ya mchezo. Anaishi kwa dada yake, analala kwenye kochi la sebuleni, na shemeji yake, mume wa dada, ametangaza kuwa mama yake yeye shemeji anakuja Jumapili kukaa nao. Ama Diploma apate kazi apange chumba, ama afungashe arudi kwa wazazi.

Kahawa ilikuwa haijapoa alipotokea, tai ikining'inia begani kama taulo.

"Mkurugenzi huyoo!" Spika alipaza sauti. "Unaanza lini?"

"Wamenikataa."

"Wewe? Hao watu wana macho?"

"Ulifuata mafunzo?" aliuliza Shangazi kwa mashaka.

"Hatua kwa hatua! Meneja kaweka feni mezani, kaniambia, 'Mimi mteja. Niuzie.' Nikakumbuka somo la kwanza."

"Usionyeshe hamu!" tuliitikia kama darasa.

"Nikaiangalia ile feni kama mtu aliyepewa uji wenye nzi. Nikamwambia, 'Hii nayo ni feni? Mapanga membamba, waya mfupi, na rangi hii itapauka kabla ya mvua.'"

"Somo la pili, toa kasoro!" Fundi alipiga nyundo kwa furaha. "Halafu?"

"Meneja akaanza kuitetea. 'Ina dhamana! Haina kelele!' Mimi natikisa kichwa tu. Jasho linamtoka, na feni iko mbele yake."

"Umemweza!"

"Nikasema, 'Basi, acha nizunguke kwingine kwanza.' Nikatoka."

Spika alikuwa amekwisha kusimama. "Akakuita?"

"Nilitembea polepole kama mlivyonifundisha. Nimefika koridoni, nikasikia, 'Wee kijana!' Nikageuka kwa madaha. Kumbe mlinzi. 'Kaka, umesahau mwavuli wako.'"

Ilibidi Fundi ateme misumari yote asije akaimeza.

"Nikarudi kuuchukua," Diploma aliendelea, naye sasa akipambana na kicheko. "Meneja akanionea huruma, akaniambia nikae, akanitajia mshahara wa kuanzia. Na nyinyi mmeniambia nini? Bei ya kwanza haikubaliwi! Nikagonga meza: 'Punguza kidogo, bosi!'"

"Upunguziwe mshahara wako mwenyewe?" Shangazi alishika kifua.

"Nimeushusha mpaka nusu, Shangazi. Na hata kwa nusu bei, hawakunitaka!"

Benchi lilitikisika. Spika alilia machozi, akajifuta kwa gazeti, akabaki na wino usoni. Aliyenyamaza wa kwanza ni Shangazi.

"Jamani, hivi kati yetu kuna aliyewahi kuuza?"

"Wewe si unauza kahawa?"

"Nauza? Mnakaa, namimina. Nani nimewahi kumshawishi? Huyu mtoto tumemfundisha kununua!"

Kabla hajajibiwa, simu ya Diploma iliita. Alitazama jina, na kicheko kikamkauka. "Shemeji."

"Lete mimi!" Spika aliinyakua. "Haloo, shemeji! Kuhusu huyu kijana, kweli ana kasoro zake. Anakoroma, anamaliza sukari, na akiingia bafuni..."

Shangazi alimpokonya simu. "Unamwuza au unamnunua?" Akamrudishia mwenyewe. "Sema wewe, mwanangu."

Diploma alisimama, akaifunga tai upya, kana kwamba shemeji angemwona.

"Shemeji, kazi sijapata, nisikudanganye. Lakini mama akishafika, wewe na dada mtakuwa kazini. Nani atampeleka kliniki? Nani atashindana naye karata na kukubali kufungwa? Na akianza kusimulia ulivyokuwa mtukutu utotoni, nani atamsikiliza mpaka mwisho, halafu amwombe arudie? Mimi niko hapo kutwa, shemeji, na hadithi hizo hata sizijui."

Kisha, kutoka ndani ya simu, tulisikia mtu mzima akicheka.

"Ndiyo, shemeji. Sawa, shemeji. Ahsante sana."

"Vipi?" tuliuliza kwa pamoja.

"Nabaki mpaka nipate kazi."

"Kauza! Kijana kauza!" Spika alimkumbatia, wino ukahamia kwenye shati.

"Nimeuza, ndiyo," alisema Diploma, akijikalia taratibu. "Nimeuza kochi. Analichukua mama. Mimi nimepewa zulia, kuanzia kabatini mpaka mlangoni."

"Zulia lote hilo?" Spika alimshika mkono. "Huko ni kupandishwa cheo! Kwenye kochi ulikuwa unakunjwa kama barua. Sasa utanyoosha miguu, ugeuke upande wowote, na huwezi kuanguka!"

"Zuri kiasi hicho?"

"Wafalme wanalitamani!"

"Basi tubadilishane, mzee. Kuanzia Jumapili wewe lala kule, mimi nije kwenye kitanda chako."

Spika alikumbuka ghafla kuwa ameacha redio ya mtu kwenye moto, akaondoka mbio bila gazeti. Hakuna anayefahamu ni redio gani hupikwa.