Sauti Yangu Inampigia Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Februari 2025

Tumbo linaniuma tangu asubuhi. Si chakula. Ni Faith.

Faith ni meneja wetu mpya hapa Chapchap Nafaka. Ametoka Dar es Salaam na begi la mgongoni na tabasamu. Tabasamu ndilo linalonitisha. Meneja wa zamani alikuwa anafoka, na ukifokewa unajua umesimama wapi. Huyu anakupa chai, anakuuliza umeamkaje, halafu anaandika kitu kwenye kompyuta yake. Kwa umri angepaswa kuniamkia. Badala yake ametangaza kwamba ofisini hakuna shikamoo, wote ni timu moja, tumwite Faith tu. Nimeshindwa. Leo nimemwita Madamu Faith. Akacheka, akaandika.

Kikao cha asubuhi kilikuwa cha picha ukutani. Mishale inapanda, mishale inashuka. Amesema kampuni ya kisasa lazima iwe nyepesi. Nikajitazama kitambi. Klementina naye akanitazama kitambi.

Klementina ndiye mwenzangu katika Kitengo cha Wakulima. Tuko wawili tu. Tunawapigia simu wakulima wa Ufipa yote, tunawauliza kama wana mahindi au ulezi wa kuuza, tunawapangia lori. Faith amesema, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba kuanzia mwezi ujao kitengo kitahitaji mtu mmoja. Mmoja! Halafu akauliza nani hajapata sambusa.

Nimekula sambusa tatu kwa woga.


Jumanne, 4 Februari

Nimepata akili!

Faith amefafanua leo. Simu za wakulima zitapigwa na akili mnemba, yaani mashine inayoongea kama mtu. Wameiita Mfumo. Walijaribu kwa sauti ya mtu wa Dar, wakulima wakadhani ni watu wa mikopo, wakakata. Sasa inatafutwa sauti ya mtu wa huku huku Sumbawanga.

Nikajiuliza: mtu ambaye sauti yake ndiyo sauti ya kampuni, utamfukuzaje? Nikanyoosha mkono haraka. Klementina naye akanyoosha. Huyo anaimba kwaya parokiani, sauti yake imenyooka kama uzi. 

Majaribio yalikuwa saa nane. Saa saba nikamnunulia Klementina karanga za pilipili, najua hawezi kuziacha. Ilipofika zamu yake alikohoa mpaka Faith akamletea maji. Nimeshinda mimi.

Namwomba Mungu Klementina asijue kwamba pilipili ile niliiongeza mwenyewe.


Alhamisi, 6 Februari

Kutwa nzima nimeshinda ghalani nikirekodiwa sauti, katikati ya magunia ya mahindi. Faith anasema magunia yanameza mwangwi. Vumbi lile lilimeza na pua zangu.

Maneno ya kusoma aliyaandika yeye. La kwanza: "Mambo! Niaje mshikaji wangu, una mzigo?" Nikauliza kwa adabu kama mzee wa miaka sabini huambiwa mambo. Faith akasema kampuni yetu ina sura ya ujana. Kubisha nimeogopa. Nikasoma.

Neno alilolipenda zaidi ni "Poa, hakuna shida!" Nimelirudia kwa furaha, kwa haraka, kwa huruma, kwa kicheko. Ameeleza kwamba mteja akisema jambo ambalo Mfumo haukulielewa, utamjibu hivyo. Mteja asisikie neno hapana hata siku moja. Huko Dar wanaita hiyo huduma.

Mwishoni nikatia sahihi kwenye kompyuta bapa, kwa kidole. Sikusoma. Kurasa zilikuwa nyingi, na yeye alikuwa anatabasamu.


Jumatatu, 10 Februari

Asubuhi nilikuwa mfalme, jioni si mtu.

Mfumo umewashwa leo. Unapiga simu Laela, Matai, Namanyere, mpaka Kipili kwa wavuvi wenye mashamba. Mchana nilipita sokoni nikasikia sauti yangu ikitoka kwenye simu ya muuza viazi. Karibu nijibu salamu yangu mwenyewe! Ofisini Klementina hana la kufanya. Anasafisha kucha. Nilimpungia mkono.

Usiku tunakula, simu ya mke wangu Adela ikaita. Mama yake, kutoka Msanzi. Adela akasikiliza muda mrefu. Alipokata, akanitazama kama anavyotazama panya kwenye debe la unga. Akaniuliza kwa nini nimempigia mama yake na kumwita Rosina.

Tonge likanidondoka.

Kwetu mkwe hamtaji mama mkwe kwa jina. Hamtazami usoni. Hata kwenye simu Adela ndiye anayeishika. Mimi namwambia Adela, Adela anamwambia mama yake, ingawa wote tunasikiana vizuri kabisa. Tumeenda hivyo tangu nilipooa, na ninamwogopa yule mama kuliko radi za mwezi wa kumi na mbili. Na leo nimemwambia: "Mambo Rosina! Niaje mshikaji wangu!"

Nani aliyemwandikisha kuwa mteja wa kampuni? Mimi mwenyewe, mwaka juzi, nilipokuwa nahangaika kutimiza lengo la mwezi.

Nimemweleza Adela kwamba ni mashine. Amesema sauti ya mume wake anaijua. Amechukua blanketi akaenda kulala kwa watoto.


Jumanne, 11 Februari

Nimepima woga wangu kama anavyopima muuza nyama. Nikimwomba Faith aondoe sauti yangu, ataweka ya Klementina, ambaye kikohozi chake kimepona. Kazi imekwenda. Nisipoomba, mama mkwe. Ila Faith yuko chumba cha pili na mama mkwe yuko Msanzi. Nimeamua kumwogopa aliye karibu.

Mpango: kumfuta mama mkwe kwenye Mfumo kimyakimya. Faith alipotoka kula, nikakaa kwenye kiti chake. Nikalitafuta lile jina bila kulitamka, nikilifuata kwa kidole tu. Nikalipata. Mara viatu koridoni! Pa kufutia sipaoni. Nikaona kitufe kimeandikwa Mteja wa Heshima. Heshima! Si ndicho kilichopungua? Nikabonyeza.

Aliyeingia ni Klementina. Nikamwambia nafuta vumbi mezani. Akauliza kwa nini nafuta kwa kiwiko.


Alhamisi, 13 Februari

Nimekwisha.

Mteja wa Heshima, kumbe, ni yule ambaye Mfumo unampigia kila saa, kutwa nzima, ili ajione wa maana! Mama mkwe amepigiwa akikamua ng'ombe. Amepigiwa akiwa shambani. Jana jioni amepigiwa akiwa kwenye sala ya jumuiya, katikati ya rozari, na simu ilikuwa kwenye spika. Majirani wote wamenisikia nikimwita mshikaji.

Kilichonitia hofu zaidi ni kwamba Adela anasema mama yake hana hasira tena. Sasa anaongea na mimi vizuri tu, kwa Kifipa, hata nusu saa. Nikauliza anaongea na nani? Na wewe, akasema Adela, na unamjibu vizuri kuliko unavyonijibu mimi.

Ninajibu nini?

Nimewaza Kasesya. Mtu anapanda bodaboda, anavuka mpaka, anaanza maisha Zambia kwa jina jingine. Nikakumbuka kwamba hata kwenye bodaboda huwa nafumba macho.


Ijumaa, 14 Februari

Kikao cha wafanyakazi wote. Faith amevaa nyekundu. Amesema ana habari ya kututia moyo: kuna mteja mmoja ameongea na Mfumo kuliko mteja mwingine yeyote nchini, na anataka tusikie jinsi mkulima anavyoipenda kampuni. Akabonyeza spika.

Mama mkwe! Ofisi nzima! Nikatafuta mlango kwa macho, amesimama dereva wa lori, mtu mpana.

Faith hajui Kifipa. Akamwomba Klementina atafsiri. Klementina akainuka taratibu, akakaza kilemba, akatafsiri kama anasoma somo la kwanza kanisani.

Mama mkwe anasema: kwa kuwa mkwe wangu sasa ameweza kulitaja jina langu, basi si mkwe tena, amekuwa mtoto wangu wa kumzaa, na mtoto hufanya kazi za nyumbani. Jiko langu linavuja. Utakuja kuliezeka?

Mimi, kwa furaha: "Poa, hakuna shida!"

Shamba la kule chini linataka ntumba, yale matuta ya mviringo ya kufukia majani. Utayapiga kwa jembe la mkono, si kwa trekta?

Mimi, kwa kicheko: "Poa, hakuna shida!"

Na banda la nguruwe? Poa. Na utakaa hapa mpaka kazi iishe, hata kama ni baada ya Pasaka? Poa, hakuna shida, mshikaji wangu!

Kila nilipojibu, watu walipiga makofi. Faith alifuta machozi. Amesema hayo ndiyo mahusiano ya kweli na mteja, na kwamba vyuoni hawafundishi. Mimi nilikuwa chini ya meza naokota kalamu ambayo haikuanguka.


Jumatatu, 17 Februari

Wamekuja. Mama mkwe na wazee wawili wa ukoo, kwa gari la asubuhi. Adela amekwenda kuwapokea stendi bila kuniambia neno, amewaleta moja kwa moja ofisini.

Mama mkwe amekaa mapokezi akinipa mgongo, kama inavyotakiwa. Anamwambia Adela, Adela ananiambia mimi. Nami nikamweleza Adela kwamba ile ni akili mnemba, haijui Kifipa, haijui inachokubali, na mimi sina kosa. Adela akafikisha.  Mama mkwe akauliza, kupitia kwa Adela, mashine hiyo imeazima mdomo wa nani.

 Mzee mmoja akauliza kama walau nililipwa kwa ajili ya mdomo wangu. Nikasema hapana. Akatikisa kichwa muda mrefu, nadhani kwa kumwonea huruma Adela.

Lilibaki kimbilio moja. Nikaingia kwa Faith bila kubisha hodi. Nikamwomba atoke awaambie wazee kwamba kampuni haiwezi kuniachia, kwa sababu mimi ndiye sauti yake. Akanimiminia chai. Akatabasamu. Nikajua.

Amesema anashukuru nimelileta mwenyewe, alikuwa anatafuta namna ya kuanza. Sauti sasa ni mali ya kampuni, nilitia sahihi. Itabaki hapa na inafanya kazi nzuri sana. Kwa hiyo mimi niko huru kwenda popote ninapotaka. Anayebaki ni Klementina, kwa sababu imeonekana Mfumo unahitaji mtu wa kuwaelewa wateja wanaojibu kwa Kifipa. Halafu akauliza kama chai ina sukari ya kutosha.

Klementina amenisindikiza mpaka getini. Amenipa kifurushi cha safarini. Karanga za pilipili.


Jumamosi, 1 Machi

Msanzi. Mvua. Baridi inaingia mpaka kwenye meno.

Jiko nimeliezeka, linavuja upande mwingine sasa. Ntumba napiga kuanzia kunapokucha. Viganja vina malengelenge na nguruwe wamenizoea. Mama mkwe hupita mbali akiwa amegeuza uso, chakula anakiacha kwa Adela. Leo ameniambia kupitia kwake kwamba matuta yangu yamelala kama walevi. Ila nilimsikia akicheka nyuma ya ghala lake la mahindi, na Adela naye alicheka, na juzi amerudisha blanketi lake kwangu. Kwa mara ya kwanza tangu Faith aje, tumbo halikuniuma.

Mchana simu ikaita. "Mambo Eustaki! Niaje mshikaji wangu, una mzigo?" Nadhani Klementina ndiye aliyeniandikisha kuwa mkulima. Nikajijibu kwa adabu kwamba mahindi bado, nikauliza habari za ofisini. Poa, hakuna shida. Kusema kweli nilipakumbuka.

Jioni akapiga Faith mwenyewe.  Amesema sauti imefanikiwa mno, na sasa Mfumo unatafuta uso. Uso wa kuongea na wakulima kwenye simu zao na kubandikwa kwenye malori. Si uso wa ofisini. Anataka uso wa mkulima halisi wa Ufipa, aliyechoka, mwenye tope, na jembe begani. Wale wazee wa ukoo wamemtumia picha yangu nikiwa shambani, akasema ni mimi hasa.

Kwanza niliogopa. Mama mkwe ana simu ya kioo, uso wangu utamtazama. Halafu nikakaa kwenye tuta nikafikiri vizuri. Sauti, sawa, mtu anaweza kuichukua akakuacha. Lakini uso? Mtu ambaye uso wake umebandikwa kwenye kila lori kutoka Sumbawanga mpaka mpakani, utamfukuzaje?

Nikauliza kama kuna pa kutia sahihi. Amesema papo, atatuma hati sasa hivi kwenye simu ya Adela, na inatosha kidole tu. Nimekifuta tope kwenye suruali. Nimemwambia poa, hakuna shida.