Kitambaa cha Maziwa na Sindano Tisa

Jumatatu, 10 Mei 1837

Maziwa leo: kikombe kimoja. Kimoja! Mwaka jana siku kama hizi Zirka, ng'ombe wangu, alikuwa anajaza ndoo asubuhi na jioni. Palazhka, mke wangu, anasema ng'ombe anakula vumbi, basi atoe nini. Mvua haijanyesha tangu Pasaka, malisho yamekauka, ndiyo maelezo yake yote. Mtu hajasoma, utamlaumu?

Mimi, Onufriy, ndiye msomaji wa kanisa hapa, mwaka wa kumi na tisa sasa. Najua mambo. Zirka anakamuliwa na mtu asiyeonekana, na mtu huyo simtafuti mbali. Anakaa ng'ambo ya uzio wangu. Yavdokha Chepurna! Mjane, miaka sitini na ushei, meno matatu, na watu wanamiminika kwake kutwa. Mtoto akishtuka, kwa Yavdokha. Jino likiuma, kwa Yavdokha. Anamwaga nta ya moto kwenye bakuli la maji juu ya kichwa cha mgonjwa, anatazama umbo lililotokea, anakuambia umetishwa na bata mzinga. Wanamletea mayai na asali. Zamani walikuja kwangu niwasomee zaburi. Sasa hata yai viza silioni.

Halafu anaazima. Jana, sikukuu ya Mtakatifu Mikola, sijavua hata koti la kanisani, huyo mlangoni na bakuli lake. Chumvi. Palazhka akamjazia pomoni, chumvi safi iliyoletwa na mikokoteni ya ng'ombe kutoka Krimea. Mchawi haachi kuazima, kila mtu anajua hilo. Ushahidi ninao wa kutosha. Kilichobaki ni mpango.

Jumanne, 11 Mei

Mpango ninao!

Ni huu. Unachukua kitambaa cha kuchujia maziwa. Unakichoma sindano tisa. Unakichemsha kwenye maziwa ya ng'ombe yule yule aliyekauka, na jua linapofika utosini unatia konzi la chumvi. Basi popote alipo mchawi anachomwa mwili mzima, hakai, halali, mpaka aje nyumbani kwako kuazima kitu. Wa kwanza kuja kuazima ndiye. Bibi yangu alilifanya hili, akamkamata shemeji yake.

Nimekwenda kwa Terentiy Bublyk, mkuu wa kijiji. Nilimkuta kivulini anajipepea kwa kofia. Nikamweleza. Kwanza akasema ana usingizi. Nilipogusia mvua akazinduka. Akasema watu wanamsumbua kila siku juu ya mvua kana kwamba ameificha stoo kwake. Kama kuna mtu ameifunga mvua, apatikane, na akipatikana ni kidole gumba cha mkono wa kulia kufungwa na kidole cha mguu wa kushoto, kisha bwawani. Akizama, hana hatia. Akielea, ndiye.

Hapo kwenye bwawa sikupafikiria. Mimi nilitaka tu watu waache kwenda kwake. Nikauliza kama hakuna njia nyingine, tuseme kumkemea. Terentiy akaniuliza kama nina uhakika au sina. Nikasema ninao. Akasema basi. Na ukiangalia sana, ni jaribio la haki. Asiye na kosa anazama, mambo yanaisha.

Jumatano, 12 Mei

Palazhka kaniuliza nanong'ona nini peke yangu zizini. Nikamweleza dawa ya kitambaa, kwa ufupi, bila kumtaja mtu. Akashangaa kwamba kumbe najua kitu cha maana. Miaka kumi na miwili ya ndoa na leo ndiyo kanisifu! Nikamwongezea vipengele viwili vitatu ambavyo hata bibi hakuvijua.

Jioni alikuwa uzioni anaongea na Yavdokha muda mrefu. Nilimwona yule bibi anatikisa kichwa. Atikise tu. Kesho!

Alhamisi, 13 Mei

Nitaandika yote.

Asubuhi Terentiy alikuja kuwa shahidi. Nikamkalisha nyuma ya tanuri asionekane. Maziwa yakawekwa motoni, kikombe chote tulichokuwa nacho, na maji kidogo. Kitambaa ndani. Sindano tisa, mojawapo imenichoma. Tukasubiri.

Hakuja mtu. Yavdokha, ambaye hapitishi siku bila kugonga mlango wangu, leo kimya! Terentiy akasema kukaa kunatia njaa. Palazhka akampa mayai ya kuchemsha. Akala sita. Palazhka akatoka kwenda kisimani, na jua likafika utosini. Nikanyoosha mkono kuchukua kile kisahani cha chumvi nilichokiweka tayari kwa ajili ya chungu.

Kitupu! Terentiy alikuwa anachovya yai la sita. Akasema alidhani ni ya mayai.

Chungu kinachemka, jua halisubiri. Chumvi ndani ya nyumba, hamna. Yote iko kwa Yavdokha. Nikawaza kwa haraka. Ni hatua thelathini tu. Tena nitamwona kwa macho yangu anavyojikuna. Nikaruka uzio.

Nikafungua mlango. Yavdokha yuko mbele ya tanuri. Kwenye benchi wamekaa mke wa Terentiy na dada zake wawili, mikono magotini, wananikodolea macho. Motoni kuna chungu. Ndani ya chungu kuna kitambaa. Kwenye kitambaa kuna sindano, nilizihesabu bila kutaka. Tisa.

Na mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Ukasema: "Nipeni chumvi kidogo, tafadhali."

Sijawahi kusikia kelele kama zile. Mke wa Terentiy alipanda juu ya benchi. "Ndiye! Msomaji ndiye! Na anavyotuimbia Jumapili, macho juu!" Kumbe ng'ombe wa Yavdokha naye amekauka, tangu wiki iliyopita. Kumbe Palazhka alimhurumia, akampa dawa yangu, pamoja na vile vipengele vya ziada. Nikasema hii dawa ni yangu. Wakasema nani mwingine angeijua kama si mwenyewe.

Wanaume wakaja na majembe. Terentiy akaja, ganda la yai bado kwenye masharubu. Nikamwita aseme nilikuwa naye, aseme nani alikula chumvi. Akaniangalia kama mtu aliyefika kijijini asubuhi ya leo. Akasema yeye kama mkuu hawezi kupendelea upande.

Wakanipeleka bwawani. Nilifikiri kijiji kizima kinanipenda. Fundi wa magurudumu, ambaye nilimsomea baba yake zaburi siku tatu mfululizo usiku kucha, ndiye alinifunga kidole gumba na kidole cha mguu. Alinifunga vizuri sana. Bwawa lenyewe limekauka, maji ya magotini. Nikawaambia siwezi kuzama humo hata nikitaka, jaribio halitakuwa halali. Mmoja akasema usijali, tutakulaza.

Tutakulaza. Nilikuwa nimeketi matopeni, goti kidevuni, nikakumbuka nilivyoandika juzi kwenye daftari hili hili kwamba ni jaribio la haki. Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo. Nilitafuta uso mmoja unaonionea huruma, na nilimwona Palazhka tu, mikono mdomoni, wanawake wamemshika.

Halafu Yavdokha akaja. Anakuja polepole, bakuli mkononi, watu wanampisha. Akauliza: "Jamani, siku hizi mtu anafungwa kwa chumvi yake mwenyewe?"

Wakamuuliza ana maana gani. Akawaonyesha bakuli. Akasema chumvi hii ni ya Onufriy, yeye Yavdokha aliiazima Jumapili, Palazhka shahidi. Mtu akifuata chake, ameazima? Mke wa Terentiy akadai kwamba nilisema nipeni, tena nikasema tafadhali. Yavdokha akasema: "Huyu kazoea vitabu, kuongea na watu kumemshinda. Mfungueni."

Wakajadiliana. Niliwaona wengine wamekasirika, kama watu walioahidiwa harusi ikaahirishwa. Mwishowe fundi akafungua kamba, kwa kujivuta. Yavdokha akaniwekea bakuli mapajani. Akainama akaniambia taratibu: "Nenda kabadilishe suruali, mwanangu."

Jumamosi, 15 Mei

Jana sikuandika. Nilikuwa natetemeka, kijiko hakifiki mdomoni. Leo Palazhka, bila kuniuliza, kamwita Yavdokha. Nikasema simtaki. Nikakalishwa kwenye kigoda mlangoni, bakuli la maji juu ya kichwa.

Akamwaga nta. Ikalia ndani ya maji. Kisha akasema anajua kitambaa changu nilikuwa namchemshia nani. Bakuli likacheza, maji yakaniingia sikioni.

Hakunikaripia. Akasimulia habari ya shangazi yake. Yeye Yavdokha alikuwa na miaka saba, mwaka wa ukame kama huu. Shangazi alikwenda kwa jirani kuazima chekeche, siku mbaya, saa mbaya. Wakampeleka bwawani, na siku hizo bwawa lilikuwa na kina. Akazama. Watu wakashangilia, wakampongeza baba yake kwamba dada yake hana hatia. Walipokumbuka kumvuta, alikuwa amekwisha kufa. Wiki mbili baadaye mvua ikanyesha, watu wakapanda mtama, na hakuna aliyemtaja tena. Chekeche lilirudishwa.

Aliyasema hayo huku anakoroga nta kwa kidole, kama anayeeleza bei ya bata. Nikataka kumwambia kitu. Nilikuwa nimekaa chini ya mikono ya mwanamke ambaye siku mbili nyuma nilikuwa namtengenezea kamba, na mkono wake mmoja ulikuwa unashikilia kichwa changu kisiyumbe. Nikaona aibu. Aibu ya kweli, si ile ya mbele za watu. Nikamwambia nta ina harufu nzuri.

Akasema ni ya nyuki wake.

Kisha akatuonyesha kilichonitisha. Nta iliganda ikawa pua. Pua kubwa, imepinda kidogo kushoto. Palazhka akatazama nta, akanitazama mimi, akatoka nje kwenda kucheka zizini.

Nitafikiri juu ya haya. Nitafikiri kwa makini.

Jumapili, 16 Mei

Mvua! Ilianza wakati wa ibada, nikapoteza mstari wa zaburi, hakuna aliyejali. Padri Meletiy akasema mvua huja ikifika wakati wake. Watu wakanisalimia nje kama kawaida. Fundi wa magurudumu akaniuliza vipi mguu. Hivyo tu. Nilisimama kwenye mvua muda mrefu nikiwaza jinsi ambavyo wangeisifu mvua hii leo kama mimi ningekuwa nimelala kule chini. Wangesema imesafisha hewa.

Nimemkatia Palazhka kipande cha nyama ya nguruwe ampelekee Yavdokha. Kidogo.

Jumatano, 19 Mei

Nusu ndoo! Zirka katoa nusu ndoo! Palazhka anasema ni majani mapya, na chumvi, maana ile iliyorudishwa kampa ng'ombe yote ailambe. Ng'ombe wa Yavdokha eti bado, amezeeka.

Nimefikiri kwa makini kama nilivyoahidi. Nusu ndoo haiji hivi hivi. Kwa hiyo dawa ilifanya kazi. Kwa hiyo mchawi yupo. Si Yavdokha, nakiri nilikosea mtu, binadamu hukosea. Nta ilionyesha pua, na nimetembea kijiji kizima nikitazama pua. Moja tu imepinda kushoto. (Palazhka kaniletea kioo. Sikukiangalia.) Ya Terentiy Bublyk!

Na nani alikula chumvi? Nani huyo aliyekaa nyuma ya tanuri, chungu kinachemka, akaila chumvi yote kabla haijaingia? Kwa nini, kama haikuwa inamchoma? Na bwawani akanikana! Ninavyoandika naona aibu kwamba sikuliona mapema.

Alhamisi, 20 Mei

Chungu kiko motoni. Maziwa safari hii mengi. Kitambaa kipya, sindano tisa. Terentiy atakuja tu, atachomwa atake asitake. Palazhka kakataa kukaa ndani. Alipokuwa anatoka na ndoo zake akasimama kizingitini, akaniambia nikumbuke kwamba safari hii kwa Yavdokha sina hata punje ya chumvi yangu, alirudisha yote. Sijui kwa nini aliona lazima aniambie hilo.

Jua linakaribia utosini. Konzi moja la chumvi na kazi imekwisha.

Nimetafuta kwenye kisahani. Nimetafuta kwenye mtungi. Nimeangalia hata zizini, Zirka kalamba mpaka ubao.

Moshi unatoka kwa Yavdokha, na nasikia sauti za wanawake ndani. Vizuri, yupo. Nakwenda mara moja.