Godoro la Mama Mkwe

Jumanne, 11 Juni

Mimi ni baba! Msichana. Amezaliwa saa mbili asubuhi kitandani kwetu hapa Obunga, tuktuk niliyoiita ikiwa bado imekwama Kondele. Jirani yetu Mama Selpha, mkunga wa miaka mingi, ndiye aliyempokea. Mimi nilishika tochi, ingawa jua lilikuwa limeshatoka. Halafu nikaanguka.

Tuktuk ilipofika, Mama Selpha akampeleka mke wangu Nelima na mtoto hospitali wakapimwe. Amepiga simu: wako salama, watatoka kesho kutwa. Kabla ya kuondoka aliniachia maagizo. Nivae glavu. Damu nioshe kwa maji baridi. Kondo la nyuma nilifukie kwenye shimo refu nyuma ya nyumba. Nikasema nimeelewa. Sikuwa nimesikiliza hata nusu.

Shida yangu ni nyingine. Mama mkwe, Mama Nakhumicha, anafika Alhamisi kutoka Kimilili. Nilimwapia kwa simu kwamba bintiye atazalia hospitali, kila kitu kiko tayari. Godoro lenyewe ni zawadi yake! Na mkwe kuona kitanda chetu katika hali hii? Afadhali nihamie Uganda.

Mpango: asijue kabisa.

Jioni. Nimechimba shimo. Nimepasua bomba la maji la ploti nzima. Nimefukia haraka, nikachimba lingine upande wa pili. Kondo limelala salama. Wapangaji kumi na wawili hawana maji. Nimewaambia ni kanjo, watu wa kaunti, waliokata.

Jumatano, 12 Juni

Nimenunua mitungi miwili ya maji kwa mkokoteni. Nikachemsha yote, nikayamwaga juu ya damu kwenye godoro. Moto huua kila kitu, nilifikiri. Kumbe damu hupikika! Alama imekuwa kahawia na imeng'ang'ania. Nikamwaga Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, kwenye blanketi jekundu. Sasa lina madoa meupe kama ng'ombe wa Kipsigis.

Nelima amepiga simu, sauti imechoka, akauliza kama nimekula. Machozi yalinitoka. Nikamwambia nyumba inang'aa.

Mchana nilipandisha godoro juu ya mabati likauke. Chini yake Dolphine, jirani wa mlango wa pili, hukaangia mgongo wazi, ile mifupa ya samaki kutoka viwandani. Upepo wa ziwa ukaja. Godoro likaruka! Likatua juu ya meza yake, samaki wote chini. Sufuria ya mafuta ilibaki jikoni, namshukuru Mungu.

Dolphine akapiga kelele mpaka watu wakajaa. Ananiuliza, "Wesonga, hii ni damu ya nani?" Nikasema ya kuku. Akauliza kuku gani wa ukubwa huo.

Alhamisi, 13 Juni

Mama Nakhumicha amefika saa nne, kabla ya Nelima. Alisimama mlangoni, kama desturi yetu ya wakwe inavyotaka, hakunipa mkono. Akaangalia godoro lenye alama, linalonuka samaki na Jik. Nikaanza kueleza habari za kuku.

Akanikatiza. "Nelima alinipigia simu Jumanne," akasema. "Kabla hata kitovu hakijakatwa vizuri."

Yaani siku tatu nimesugua bure!

Akasema watoto wake wanne wote aliwazalia nyumbani, mmoja kwenye shamba la mahindi. Hakukasirika kuhusu hospitali. Alikasirika kwamba Dolphine alimpokea stendi akimuuliza mkwe wake amemchinja nani. Akavaa glavu, akachukua chumvi na maji baridi, akaanza kusugua. Nikataka kumsaidia. Akasema nikae mbali na maji.

Saa nane Nelima akaingia na mtoto. Mama mkwe akamnyanyua, akacheka, akalia, akamwita Nanyama, jina la marehemu mama yake. Nami nikapewa nimshike. Mdogo sana. Vidole vyake vilikamata kidole changu, nikasahau aibu yote. Nikaapa mbele yao wote: sitaficha tena jambo lolote katika nyumba hii.

Ijumaa, 14 Juni

Siku njema. Kila mtu amelala mchana. Nikaamua kupiga pasi nguo za mtoto, nionekane baba wa maana. Pasi ya makaa ilikuwa moto kupita kiasi. Imetoboa shali ya mama mkwe niliyoitandika chini, ile ya kanisani, mahali palepale panapoonekana.

Hajaamka bado. Nimeikunja vizuri, nimeitia ndani ya begi ambalo Dolphine ameliacha nje ya mlango wake. Dolphine atajua mwenyewe la kusema.