Maswali Ishirini na Manne kwa Bi Tereza

Jumatatu, 12 Mei 2025
Leo bosi Bartholomeo katangaza: ajira pale redioni ni moja, sisi wa majaribio tuko wawili, mimi na Aneth. Atakayeleta mahojiano bora Ijumaa anaajiriwa. Anayebaki, kwaheri. Mungu wangu! Mama yangu kule Ushirombo ameshawatangazia watu kanisani kwamba mwanawe Kalisti ni mtangazaji. Nitarudi na uso gani?

Nitamhoji Bi Tereza wa Kagongwa, mwanamke wa kwanza kumiliki duara, yaani shimo la kuchimba dhahabu, huku kwetu. Nimeandaa maswali ishirini na manne. Yamepigwa chapa! Aneth naye anamtaka huyohuyo, ila hana hata karatasi. Ana kilo mbili za sukari. Anakwenda kuhoji au kuposa?

Jumanne, 13 Mei
Nimefika saa tatu. Shikamoo, marahaba, nikadhani tumemaliza. Wapi! Mimi mtoto wa nani? Ukoo gani? Babu yu hai? Mvua imenyesha? Ng'ombe wazima? Nikajibu mhola, mhola, yaani salama tu, jicho kwenye saa. Kisha akaanza habari za kwake, tangu mumewe alipofukiwa na kifusi hadi yeye mwenyewe aliposhuka shimoni kwa kamba. Saa nzima! Kinasa sauti nilikuwa nimekizima, natunza chaji. Salamu za nini redioni?

Zilipokwisha nikawasha. Swali la kwanza: aliingiaje kwenye uchimbaji? Akasema si ameshaniambia. La pili, ameshaniambia. Mpaka la ishirini na nne, ameshaniambia! Nimerudi Kahama nikiwa hoi.

Jumatano, 14 Mei
Mbinu mpya. Salamu ndizo mchawi wangu, nikazifuta. Nimeingia kinasa kikiwaka, nikaanza na swali. Bi Tereza kanishika paji la uso. Kamwita jirani, wakakubaliana kwamba mtoto wa watu anaumwa, maana mtu mzima wa afya haingii uani kwa watu namna ile. Wamenilaza mkekani, wakaninywesha uji. Nimerekodi dakika arobaini za mimi kunywa uji. Ulikuwa mtamu, lakini.

Ijumaa, 16 Mei
Aneth kashinda. Aliomba ruhusa ya kurekodi akiwa bado mlangoni, akawasha, akasalimiwa. Basi! Swali la maana hakuuliza hata moja. Bibi kamuuliza habari za baba yake, Aneth kajibu alishafariki. Bibi kaanza kusimulia ya mumewe, jinsi yeye bibi alivyokaa siku tatu mdomoni mwa duara na chakula cha mume amekifunika, akimsubiri. Studio nzima tumesikiliza. Bosi kavua miwani. Na mimi nimelia, nakiri, ingawa niliyasikia yote Jumanne nikiangalia saa.

Cha ajabu, Aneth kaniombea wiki moja zaidi ya majaribio, na bosi kakubali. Bi Tereza naye kapiga simu kuuliza yule mgonjwa anaendeleaje. Kasema nije tu, atanisimulia tena.

Jumamosi, 17 Mei
Nimekaa kutwa natafakari kosa langu. Nimelijua! Maswali yalikuwa machache. Sasa ni hamsini na moja. Na salamu zote nimeshamtumia Bi Tereza kwa meseji, pamoja na ukoo, mvua na ng'ombe, ili Jumatatu nikifika tuanze kazi moja kwa moja.